Maswali ya Wasomaji: Gari la Kulalia Kwenye Lupango la Ndugu

Likizo kubwa inakaribia, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari ya magari ya kulalia. Kuna wenye karavani inayovutwa, kuna wenye kampinkari iliyotoka Ulaya au Afrika Kusini, na kuna walio wengi zaidi hapa Lubumbashi: HiAce iliyotolewa viti vya nyuma, ikawekwa vitanda vya mbao na mapazia. Hapa yote tunayaita gari la kulalia. Tumechagua barua zinazogusa jambo moja ambalo wauzaji wa magari hawalizungumzii, yaani kufika nalo kwa ndugu, ndani ya lupango lake (kiwanja cha nyumba chenye ukuta).

Yaya wangu (kaka mkubwa) anatoka Johannesburg na mke wake na watoto watatu. Gari lao lina urefu wa mita 7. Wanataka kulala ndani yake, lakini kwenye lupango letu. Lango letu ni la mita tatu. Litaingia? (Katuba)

Lango la mita tatu linatosha, lakini si lango pekee la kupima. Gari la aina hiyo huwa na upana wa mita 2.3 hivi kwenye bodi, na vioo vya pembeni vikifunguliwa hufika mita 2.7. Ukilikunja kutoka kwenye avenyu nyembamba halipiti likiwa limenyooka. Mkia unatoka nje, nao ndio unaogonga nguzo ya lango. Kwa hiyo pima pia upana wa barabara mbele ya lango, toka ukuta wako mpaka mtaro wa upande wa pili. Kama haufiki mita 6, mwambie aingie kinyumenyume, na mtu asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Anayeongoza awe mmoja. Watoto wa jirani wakianza kupiga kelele "njoo, njoo, njoo" wote pamoja, simamisha gari kwanza.

Urefu wa kwenda juu ndio unaosahaulika. Gari hilo linafika mita 3, na likiwa na kiyoyozi au sahani ya jua juu ya paa linazidi. Nyaya za SNEL (kampuni ya umeme) zinazovuka kutoka nguzoni kwenda kwenye nyumba hulegea kadiri miaka inavyopita. Usiziinue kwa fimbo, hata kama ni mti mkavu, maana umande wa asubuhi unatosha kupitisha umeme. Kama waya uko chini, gari libaki nje mpaka fundi wa umeme aje.

Ukishajua litaingia, chagua mahali pa kulisimamisha. Uliza kwanza fosi septiki (shimo la maji taka ya choo) iko wapi. Kwenye malupango mengi ya zamani kifuniko chake kimefukiwa na udongo na hakuna anayekikumbuka isipokuwa baba mwenye nyumba. Bamba lake lilimwagwa kwa ajili ya watu kutembea juu yake, na ekseli ya nyuma ya gari la kulalia inaweza kubeba kilo 2,000. Likivunjika, gari linashuka gurudumu moja na choo cha familia nzima kinaharibika siku hiyohiyo. Kaa mita 3 mbali na kifuniko, na usivuke juu yake hata mara moja.

Mwembe nao una mambo yake. Kivuli chake ni kizuri mwezi wa Septemba. Kuanzia Novemba embe zinaanguka, na embe ikianguka kutoka juu inatosha kupasua dirisha la plastiki la paani. Utomvu wake unachafua rangi.

Udongo mwekundu wa huku ukiwa mkavu ni mgumu kama simenti, lakini mvua moja kubwa ikinyesha gari zito linakaa. Weka chini ya kila gurudumu ubao wa unene wa sentimita 5, upana wa 30 na urefu wa mita moja, kabla mvua haijaanza. Gari likishazama ni kazi nyingine. Miguu midogo ya pembeni ya gari la kulalia ni ya kulizuia lisitikisike wakati watu wanatembea ndani. Haikutengenezwa kuinua gari, na anayejaribu kuitumia kama jeki anaipinda.

Mwisho, kama friji yake ni ile inayoweza kutumia gesi, gari lazima lisimame sawa. Mwinamo ukizidi nyuzi 3 hivi, maji yenye amonia ndani ya mabomba yake hayazunguki vizuri, friji inachemka upande wa nyuma na nyama inaharibika. Kwa gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.7, nyuzi 3 ni sentimita 9 tu. Tumia beseni la maji au chupa iliyolazwa kukagua. Friji ya kompresa haina shida hiyo.

Mama mdogo ametutayarishia chumba. Tukimwambia tutalala kwenye gari ataona tunamdharau. Tufanye nini? (Kamalondo)

Msimwambie mlangoni. Mtu aliyefua mashuka na kuhamisha watoto wake chumbani akisikia jambo hilo siku ya kufika ana haki ya kukasirika. Apigiwe simu wiki moja kabla, na simu ipigwe na mtu mzima wa upande wenu, si kijana aliyenunua gari. Sababu ielezwe vile ilivyo: tuko sita, watoto wana vitanda vyao, hatutaki kuwatoa wa kwako sebuleni.

Halafu mpe kitu cha kushika. Usiku wa kwanza wazee wawili au mama na mtoto mchanga walale ndani ya nyumba, wengine kwenye gari. Chakula chote kiliwe kwake. Jiko la gari lisiwashwe kwenye lupango la mtu anayekusongea bukari (ugali), hata kwa chai, isipokuwa yeye mwenyewe aseme. Kosa hilo ndilo linaloudhi zaidi: wageni wanakunywa kahawa yao ndani ya gari saa kumi na mbili asubuhi wakati mwenye nyumba amekwisha kuwasha mbabula (jiko la makaa) kwa ajili yao.

Pesa ya sokoni mpeni mama wa nyumba mkononi, jioni ya kufika, bila kusubiri aombe. Hesabu rahisi ni hii: ulizeni kilo ya unga, sombe (majani ya muhogo), samaki na mafuta vinagharimu kiasi gani kwenye soko la karibu, mzidishe kwa idadi yenu na siku zenu, muongeze makala (makaa ya kupikia). Msinunue vitu wenyewe na kumpelekea. Yeye anajua deni lake liko kwa muuzaji gani.

Kwa wakwe, gari la kulalia ni baraka. Katika familia nyingi za huku mkwe wa kiume halali chini ya paa moja na mama mukwe, na safari ya namna hii zamani ilimlazimu atafutiwe nyumba ya jirani. Sasa analala kwenye gari, mke na watoto wanalala ndani. Ila gari lisisimame likitazamana na mlango wa jikoni wala njia ya kwenda bafuni. Liwe upande wa lango, mlango wake ukitazama ukuta.

Nikichomeka gari kwenye umeme wa nyumba ya shemeji, disjonkta yake (swichi inayokata umeme mzigo ukizidi) inaruka. Kosa ni la gari au la nyumba? (Ruashi)

Mara nyingi ni hesabu tu. Ongeza vitu vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja: friji ya gari wati 150, chaja ya betri wati 330, taa wati 20. Hapo uko wati 500, na nyumba yoyote inabeba. Ukiongeza birika la wati 2,000 umefika 2,500, sawa na ampea 11 na kitu kwa volti 220. Kama shemeji naye ana jiko la umeme na pasi kwenye laini hiyohiyo, disjonkta inafanya kazi yake. Usiruhusu mtu aibadilishe kwa kubwa zaidi "ili isiruke". Nyaya ndani ya ukuta zimebaki zilezile nyembamba, na sasa hakuna kinachozilinda.

Ikiwa inaruka hata bila birika, angalia ralonji (waya wa kurefushia umeme). Hapa ndipo moto unapoanzia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Ralonji ya gari iwe na nyaya tatu za shaba za milimita mraba 2.5, isiyozidi mita 25. Zile nyembamba za sokoni, nyingi zikiwa za milimita mraba 1 au chini ya hapo, hupoteza volti 8 hivi kwa urefu wa mita 25 ukiwasha birika, na volti hizo zinageuka joto ndani ya waya. Kama ralonji ni ya kuzungusha kwenye gurudumu lake, itoe yote hadi mwisho hata kama gari liko mita 4 tu kutoka dirishani. Ikiwa imekunjwa, joto la mzunguko mmoja linapasha mwingine, plastiki inayeyuka ndani ambako huoni, na baada ya nusu saa nyaya zinagusana. Ishike kwa mkono baada ya dakika 15: ikiwa ya uvuguvugu, punguza mzigo, ikiwa ya moto, chomoa.

Plagi za gari za buluu zenye pini tatu zinahitaji adapta. Nunua yenye pini ya ardhi, halafu mwambie fundi apime kama soketi ya shemeji ina waya wa ardhi kweli. Nyumba nyingi zina tundu lake lakini waya hakuna. Bila ardhi, kosa dogo kwenye chaja linaweza kuifanya bodi nzima ya gari iwe na umeme, na wa kwanza kuugundua ni mtoto asiye na viatu anayepanda ngazi ya gari baada ya mvua. Disjonkta tofautishi (ile inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ndani ya gari ni ya lazima, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kabla ya kila safari.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika 10, kwa sababu huwa unarudi ukiruka juu na chini, na chaja za kisasa hazipendi hilo. Stabiliza ndogo inasaidia jioni, saa ambazo mtaa mzima unapika na volti zinashuka.

Kuhusu betri ya gari: ya risasi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka iishi tumia nusu, yaani 600. Sasa fikiria umeme umekatika na lupango lote limegundua gari lako lina soketi. Simu moja inakula wati-saa 20 hivi ukihesabu upotevu. Simu 20 ni wati-saa 400. Theluthi mbili za usiku wako zimekwenda, na friji itazimika alfajiri. Toa soketi moja tu, nje ya gari, na iwe na saa yake ya kufunga. Watu wanaelewa wakiambiwa mapema. Na kama nyumba ina mita ya kulipia kabla, ongeza uniti wewe mwenyewe siku ya kufika.

Kaseti ya choo cha gari (tanki lake la kinyesi) imejaa. Naweza kuimwaga kwenye choo cha nyumba ya ndugu? (Kampemba)

Inategemea umeweka dawa gani. Dawa ya buluu ya kawaida inaweza kuwa na formalini, ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Fosi septiki inaishi kwa bakteria hao. Kaseti moja ya lita 20 kwenye fosi kubwa haitaleta maafa, lakini kaseti moja kila siku ya pili kwa wiki mbili inaweza kusimamisha uozo: kinyesi hakivunjiki, fosi inajaa kabla ya wakati wake, na harufu inabaki kwa mwenye nyumba baada yako kuondoka. Tumia dawa ya kijani isiyo na formalini, au usiweke dawa na umwage kila siku.

Choo cha shimo kinapokea bila shida kama kaseti ni ya dawa ya kijani. Mwaga polepole, mdomo wa kaseti karibu na tundu, na bonyeza kitufe cha kuingiza hewa ili isikurukie. Suuza kwa lita 3 za maji, rudia mara moja. Usimwage javeli (dawa ya klorini ya kufulia) ndani ya kaseti yenye mkojo, maana hizo mbili zikichanganyika hutoa gesi inayochoma mapafu, na chooni umejifungia. Kazi hii ifanywe alfajiri, nawe mwenyewe uifanye. Kijana wa nyumba asitumwe.

Maji machafu ya kuogea na kuoshea vyombo hayana haja ya choo. Yapeleke kwenye shina la mgomba, mbali na kisima. Ndoo iwe chini ya bomba la gari muda wote, maana tope jekundu lenye sabuni mbele ya mlango wa mtu linatosha kuwafanya wageni waombewe safari njema.

Maji ya kisima cha bibi yanaonekana masafi kwa macho. Nijaze tanki? (Kipushi)

Jaza, lakini yatibu. Kwa maji yasiyo na tope, javeli ya asilimia 5 isiyo na manukato, matone 2 kwa lita, subiri dakika 30. Kwa tanki la lita 50 ni kijiko kimoja cha chai, mililita 5. Yakiwa na ukungu, yachuje kwa kitambaa safi kwanza halafu weka mara mbili. Angalia pia choo kiko umbali gani: chini ya mita 30 kutoka kisimani, hasa kama choo kiko upande wa juu wa mteremko, maji hayo yawe ya kufulia tu. Tanki lililokaa bila kutumika tangu mwaka jana lisafishwe kwanza kwa mililita 1 ya javeli kwa kila lita, likae saa 4 likiwa limejaa, mabomba yakiwamo, kisha limwagwe na kusuuzwa.

Tunakwenda Likasi kwa baba mkubwa, halafu Kolwezi kwa shangazi, watu sita, HiAce yenye vitanda. Mwaka jana tulirudi tumepasuka tairi mbili. (Annexe)

Tairi zinapasuka wakati wa kurudi kwa sababu ya zawadi. Chukueni karatasi. Kwenye kibao cha chuma cha gari kumeandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa. Tuseme ni kilo 2,800, na gari lenu tupu likiwa na vitanda lina kilo 2,050. Zinabaki 750. Watu sita wa wastani wa kilo 65 ni 390. Mafuta ya dizeli lita 70 ni karibu kilo 60. Maji lita 60 ni kilo 60. Chupa ya gesi na chuma chake kilo 25. Nguo, masufuria, mikeka na magodoro kilo 80. Imebaki 135. Magunia matano ya unga ya kilo 25 karibu yanaimaliza, na hayo ndiyo mliyowapelekea wao. Wakati wa kurudi baba mkubwa anatoa mahindi, shangazi anatoa viazi vitamu, na mtu anasema "wekeni na makala, huko kwenu ni ghali". Gunia kubwa la makala linaweza kupita kilo 50, na hakuna anayekataa zawadi ya mzee mbele yake.

Msikatae. Ombeni zipelekwe baadaye kwa basi au kwa lori la mtu anayejulikana, nauli mkilipa ninyi, na mchukue sehemu ndogo mkononi ili mzee aone imeondoka. Au mwage maji: lita 60 mkizitoa kabla ya kuondoka mnapata kilo 60 za viazi, na njiani maji yanapatikana Likasi.

Kupima kwa kubahatisha hakutoshi. Viwanda vya unga na maghala ya saruji vina mizani ya magari. Ombeni kwa heshima, lipeni kidogo, pimeni magurudumu ya mbele peke yake halafu ya nyuma. HiAce yenye vitanda huwa nyepesi mbele na imezidi nyuma, maana kila mtu anarundika mizigo mlango wa nyuma. Vizito viwe chini, kati ya ekseli mbili. Juu ya paa wekeni magodoro na mikeka peke yake, maana gunia la paani linafanya gari liyumbe kila lori linapopita.

Tairi zenyewe: ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka saba, hata kama ina meno, mpira umekauka na utapasuka kwenye joto ukiwa na mzigo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kiwango cha kibao cha mlangoni kwa gari lililojaa. Njiani ukipima tairi ya moto utaona umepanda. Usipunguze, kwa sababu ikipoa itakuwa chini ya kiwango, na upepo mdogo ndio unaopasua tairi kuliko mwingi. Kwado (mafundi wa tairi) wengi watakuambia kinyume chake.

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, na Kolwezi ni karibu 300 kwa jumla, ukipitia Fungurume. Barabara ni ya lami na ina vituo vya kulipia, lakini ni barabara ya malori ya migodi. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, fikeni kabla ya giza. Kwenye miteremko ya kukaribia Likasi shukeni kwa gia ya pili au ya tatu. Gari lenye mzigo likishikiliwa na breki peke yake kilomita nzima linachemsha ngoma za nyuma, pedali inakuwa laini, na hapo mmechelewa. Usiku msilale kando ya barabara hata kama gari lina vitanda. Kama hamfiki kwa ndugu, ombeni nafasi kwenye parokia au kwenye lupango lenye mlinzi.

Tunataka kuvuka Kasumbalesa, tufike Ndola kwa binamu, halafu Lusaka. Ni karatasi gani? (Lubumbashi, komini Kenya)

Pasipoti za wote. Karte roze (kadi ya usajili) ya gari, na kama gari si la jina lako, barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na notari. Leseni. Kwa watoto, cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya maandishi ya mzazi asiyesafiri. Habari za viza ulizeni ubalozi mdogo wa Zambia hapa mjini kabla ya kupanga siku.

Kadi za njano ni mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano na sasa ni ya maisha, kwa hiyo anayechanjwa jana hawezi kuvuka leo. Nyingine ni kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), bima ya gari inayotambuliwa Kongo na Zambia. Inachukuliwa kwa kampuni yako ya bima hapa kabla ya safari. Upande wa Zambia forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Kitunze kama pasipoti na ukirudishe siku ya kutoka, la sivyo kwenye vitabu vyao gari lako bado liko Zambia na safari ijayo utadaiwa.

Dola zilizopasuka au zilizoandikwa kalamu zibakizeni nyumbani, upande wa kwetu hakuna anayezipokea. Kule tafuteni kwacha mapema kwa ajili ya vituo vya barabara. Kati ya Kitwe na Ndola peke yake kipo kimoja, cha Michael Chilufya Sata. Zambia mara kadhaa imezuia mahindi na unga kupelekwa nje ya nchi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupakia magunia ya binamu wakati wa kurudi. Mifugo, nyama mbichi na mbegu vinahitaji vibali pande zote mbili.

Halafu barabara. Kwetu ni kulia, kule ni kushoto. Pale mpakani hakuna anayekosea, kwa sababu malori yako mbele yako. Hatari iko kesho yake asubuhi, ukitoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu: mkono unakwenda kulia wenyewe. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema "kushoto" kila mnapotoka mahali. Kwenye mzunguko mnaingia kwa kushoto, mnazunguka kama mishale ya saa na kuwapa nafasi wanaotoka kulia. Usukani wenu ukiwa kushoto, dereva haoni mbele ya lori analotaka kulipita, kwa hiyo akae nyuma mbali na abiria wa kulia ndiye atazame. Na mlango wa pembeni wa gari la Kongo au la Ulaya huwa kulia, maana yake kule unafungukia katikati ya magari. Mkisimama kando ya njia, watoto washuke kwa mlango wa mbele wa kushoto.

Mwezi wa saba ni baridi. Tukiingiza mbabula kwenye gari dakika chache tu, halafu tukaitoa? (Likasi)

Hapana. Hata mlango ukiwa wazi kidogo, hata makala yakiwa yamefunikwa na majivu. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, na gesi hiyo haina harufu. Ndani ya gari la mita za ujazo 10, watu wanne wanaumwa kichwa, wanaona usingizi, na hawaamki. Vaeni soksi, wekeni godoro la sponji chini na blanketi mbili juu, jazeni chupa ya maji ya moto na kuifunga kwa kitambaa. Mapazia manene kwenye vioo vya mbele yanazuia baridi kuliko mnavyofikiri.

Shemeji yangu anataka kukodi kampinkari Cape Town aje nayo mpaka hapa. (Lubumbashi, Golf)

Asome mkataba kabla ya kulipa. Mikataba mingi ya kukodi kule inataja nchi zinazoruhusiwa, na Kongo mara nyingi haimo. Akivuka bila ruhusa bima inakufa, na gari likigongwa atalilipa lote. Njia nyepesi ni kuliacha Kitwe au Chingola kwenye kambi yenye ulinzi, amalizie safari kwa gari la ndugu. Amweleze mapema mama mukwe kwamba atalala ndani ya nyumba ya jirani.

Shangazi wa Kolwezi lazima atoe kuku, na hatuwezi kumfunga miguu siku nzima. Tumweke wapi? (Kamalondo)

Kwenye katoni yenye matundu, kubwa kiasi cha kumruhusu ageuke, chini karibu na mlango wa nyuma, mbali na chupa ya gesi na jua la kioo. Gazeti na makapi ya mbao chini yake. Maji kidogo kila mnaposimama, chakula hapana mpaka mfike. Kuku watatu katoni mbili, maana wakirundikana yule wa chini anakufa kwa joto kabla ya Likasi. Akiwa jogoo, katoni ifunikwe kitambaa cheusi, la sivyo saa kumi alfajiri mtaamka wote.